Simu ni ya Sikio

Wakwe zangu hawawezi kusengenyana. Si kwamba hawataki. Wanataka sana. Ila sheria ya misheni wanakotumika, huko ughaibuni, inasema waliopangwa pamoja wasiachane: kila mmoja awe mahali ambapo mwenzake anamwona, au angalau anamsikia. Sheria yenyewe iliwekwa kwa ajili ya vijana, wasije wakapotea kwenye mitaa wasiyoijua. Lakini Baba mkwe, ambaye kwake hata sheria ya kuvua viatu mlangoni ilikuwa ya watu wengine, hii kaishika kama Amri ya Kumi na Moja.

Kwa hiyo ujumbe wa sauti anaonitumia kumsema mkewe huwa hivi:

"Mkwe, hujambo? Kidoti hajambo? Sasa sikiliza, huyu mama yenu leo kanifungia kabati la stempu. Eti nabandika stempu kama mtu anayepaka rangi ukuta..."

"Nakusikia!"

"Najua unanisikia, ndiyo sheria. Mkwe, mimi nasema bora izidi kuliko..."

"Mwambie na zile bahasha zilizorudi!"

"Unaona, mkwe? Mtu unanyimwa hata haki ya kulalamika."

Nazisikiliza nikiosha vyombo, mkono mmoja una povu, Kidoti kaning'inia kwenye sketi. Kidoti ndiye binti yangu. Wazee waliondoka akiwa bado tumboni, na siku ile Mama mkwe aliliaga tumbo kwanza, kwa mikono miwili, akalinong'oneza maneno ambayo hadi leo hajaniambia. Mimi mwenye tumbo niliagwa baadaye, kwa haraka, gari linapiga honi.

Honi ni neno zito katika ukoo huu. Baba mkwe alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu maisha yake yote ya kazi. Mama mkwe alikuwa mwalimu wa chekechea, na hupenda kusema kwamba yeye hakuolewa na mtu, aliolewa na honi: ilisikika ikiingia mtaani, ikapikiwa, ikala, ikalala, ikaondoka. Walipostaafu wakajitolea kanisani kwenda kutumika. Sasa honi imewekewa meza yake ofisini, mkabala kabisa na meza ya mwalimu, na haina pa kwenda.

Ofisi ile naijua kama jiko langu, ingawa sijaikanyaga. Iko ghorofa ya chini, wao wanalala ghorofa ya juu yake, kwa hiyo safari ya kwenda kazini ni ngazi tu, na hata hizo ngazi Baba huzishuka akisema "breki, breki." Kuna dirisha linalotazama maegesho ya magari. Kuna mashine ya kutoa nakala inayokohoa kabla ya kufanya kazi. Kuna magodoro yamesimamishwa ukutani kusubiri vijana wapya. Katikati ya meza mbili imekaa chupa ya chai, na hiyo ndiyo mpaka: karatasi za Baba zikiuvuka, zinarudishwa kwa rula.

Kazi yao ni kuwalea vijana wa misheni, ambao wanakaa wawili wawili katika nyumba za kupanga mji mzima. Bomba likivuja wanampigia Baba. Tumbo likiuma wanampigia Mama. Wakikumbuka kwao, wanapiga na kusema ni bomba. Mama mkwe huwajua kwa sauti. "Hilo bomba linalia tangu lini, mwanangu?" anauliza, kisha anakoroga uji wa mtu mmoja, anachukua koti, na Baba naye inabidi achukue koti, kwa sababu ya sheria.

Baba wanamwita Babu Funguo. Funguo za nyumba zote na magari yote ziko kwenye ubao nyuma ya kiti chake, na mpangilio anaujua mwenyewe. Hakuziandika kwa mtaa wala namba. Kaziandika kwa alivyozikumbuka: Mbwa Mkali. Ngazi Mbovu. Jirani Mpiga Tarumbeta. Kijana Mrefu. Kijana mrefu alihamishwa zamani, sasa nyumba ile wanakaa mabinti wawili wafupi, lakini ufunguo bado ni Kijana Mrefu. Siku moja Mama alimwomba aupange upya, akajibu kwamba mbona Mama naye anaitwa Bibi na mjukuu mwenyewe hajamwita.

Maneno ya utani. Ila hayo yaliingia ndani, na Baba mwenyewe aliyajutia kabla hayajatua.

Maana hapo ndipo palipokuwa panauma. Kila Jumapili baada ya ibada tunapigiana simu ya picha. Baba ndiye huanza. Anaiegemeza simu kwenye chupa ya chai, anakaa, anaweka sawa kofia:

"Mke wangu! Hujambo mke wangu? Umekula? Nani kakuudhi nimpige?"

Kidoti hucheka mpaka anakaa chini. Mtoto amejua kusema "Babu" kabla ya kujua kusema "maji". Nyuma husikika Mama mkwe: "Tazameni watu! Mimi sijarudi hata nyumbani, nimeshaletewa mke mwenza. Lete hiyo simu nizungumze na mke mwenzangu."

Analetewa simu. Hapo picha inaingia giza, inayumba, halafu linatokea sikio.

Ni sikio zuri, sisemi vibaya. Dogo, limekaa kwa adabu, na chini yake kuna hereni ya dhahabu yenye kito chekundu, ambayo Baba alimletea kutoka safari moja ndefu kuliko alivyoahidi. Kwa mwaka mzima na zaidi, tulichokuwa tukizungumza nacho kila Jumapili ni hicho.

"Mama," mume wangu humwambia, "toa simu sikioni. Tunaona sikio tupu."

"Simu ni ya sikio. Ingekuwa ya macho wangeiita televisheni."

Mimi ningesema nini? Mkwe hamwambii mama mkwe kwamba sikio lake limezidi. Nilikaa na Kidoti mapajani, sikio likatuimbia wimbo wa chekechea wa vidole, likamuuliza mke mwenzake kama kaota meno, likamwambia jinsi mvua ya kule inavyonyesha kimyakimya kama inaiba. Kidoti alitulia, kidole mdomoni. Kisha Baba, kwa wema wake, akawa anaivuta simu na kuigeuza: "Mwangalie mtoto basi, mwanamke wewe!" Ghafla uso mkubwa ukajaa kwenye kioo, macho yametolewa kutafuta pa kutazama, ukipaza sauti, "KIDOTI! UNANIONA?"

Na Kidoti analia. Kila Jumapili. Anajificha shingoni mwangu na kulia kama kachomwa sindano.

"Kaona mke mkubwa, kaogopa," Mama mkwe alikuwa akisema, na sisi tulicheka. Lakini alikuwa ni mwanamke ambaye watoto wa watu walimshika gauni jioni wakakataa kwenda kwao. Nilikuwa nikiisikia sauti yake inavyoshuka ngazi moja kila wiki.

Basi, siku moja kiongozi wa misheni akaingia ofisini na mkate. Huyu ni mtu mpole sana, na Mama mkwe alishamsoma: akiwa na jambo dogo huja mikono mitupu, akiwa na jambo gumu huja na mkate. Siku hiyo ulikuwa mkubwa, wenye zabibu kavu. Wenzi waliotakiwa kuja kupokea kazi wamepata udhuru. Je, wazee wangeweza kuongeza mwaka? Akaomba wampe jibu Jumatatu.

Ujumbe wa Baba ulinifikia jioni ile. Alijitahidi kunong'ona.

"Mkwe, mimi moyo wangu umeshakubali. Tangu nistaafu hakuna aliyenihitaji kwa kitu, labda kushusha kopo rafu ya juu. Hapa vijana wananiita usiku na mchana. Lakini mama yenu kaufunika ule mkate kwa sahani, hataki hata kuutazama."

"Nakusikia."

Safari hii hakupaza sauti. Nikasikia kiti kikivutwa, na sauti yake ikaja karibu na simu.

"Mwanangu, mimi kazi hii naipenda, usidhani. Lakini nimepiga hesabu ya moyo. Mwaka mwingine, na huyu mtoto atanipokea mlangoni kama mgeni, anionyeshe kiti, aniulize kama natumia sukari. Watoto wangapi wameniita mama kabla ya mama zao? Huyu mmoja, wangu, ananiogopa. Basi nimeamua hivi. Jumapili nitakaa mbele ya simu vizuri kama anavyotaka babu yenu. Mtoto akiniita, akija, hata akicheka tu, nitajua ananijua, nitabaki na roho yangu imetulia. Akilia, nafungasha."

"Na mimi?" Baba aliuliza.

"Utabaki na funguo zako."

"Siwezi kubaki peke yangu. Sheria ya wawili."

"Basi utafungasha na wewe. Mwanangu, usimfundishe mtoto. Asije akaniita kwa kukariri."

Nilikaa na ile simu, povu likinikaukia mkononi. Sitaficha, nilikuwa nawahitaji nyumbani. Jioni ninapokwenda kusoma namwacha Kidoti kwa jirani, narudi nikikimbia, na kila mara nafikiria mikono ya Mama mkwe ingekuwa pale. Lakini kumwombea mtu arudi kwa sababu mtoto wako kamlilia usoni, hiyo sala inakwama kooni.

Sikumfundisha. Nilimwonyesha picha tu, ile ya siku waliyoondoka, Baba na suti, Mama na kilemba kikubwa cha zambarau kilichomfunika mpaka kwenye shavu. Huyu nani? "Babu!" Akaipiga picha busu, ikalowa. Na huyu? Akamtazama yule mwanamke wa kilemba kwa heshima, kama unavyomtazama daktari, akarudi kwa Babu.

Wiki hiyohiyo tukaaibika kwa fundi cherehani. Nimempelekea zipu ya sketi, akampakata Kidoti, na mtoto ambaye haendi kwa watu akajilaza kwake kabisa, akamshika sikio, akaanza kuichezea hereni. "Bibi," akasema. "Bibi, Bibi."

"Bibi?" Fundi, binti ambaye harusi yake tulicheza juzi, aliniangalia. "Dada, mtoto anamwita nani bibi? Nimechoka kiasi hicho?"

Niliomba radhi, nikalipa zipu, nikamtoa mtoto mbio. Sikufikiria zaidi. Akili ya mama mwenye mtoto mdogo ni kama ule ubao wa funguo, kila kitu kipo ila kwa jina jingine.

Kule nako hawakulala. Baba alimfundisha Mama kutazama simu kama alivyowahi kufundisha utingo kutazama kioo cha pembeni. "Usikodoe. Kodoa ni kwa polisi. Tulia, macho mbele, tabasamu dogo." Mabinti wa Kijana Mrefu wakaja Jumapili na pasi, wakamnyooshea gauni la bluu, wakamfunga kilemba kipya, kikubwa, wakakibana kwa pini pande zote. Walibaki nyuma ya kiti chake kushangilia. Mkate wa kiongozi ulikuwa bado mezani, chini ya sahani.

Simu ilipolia, mume wangu alinyoosha shati kana kwamba ni yeye anayechumbia. Baba alianza kama kawaida. "Mke wangu!" Kidoti akacheka, akapiga makofi, akaonyesha kiatu chake kipya. Kisha Baba akasema, "Sasa msalimie mke mwenzio," akasogea pembeni.

Akatokea Mama mkwe. Simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai, yeye kakaa wima, kilemba kinang'aa, mikono juu ya meza, anatabasamu kidogo kama alivyofundishwa. Alikuwa mzuri. Alikuwa pia kama picha ya kwenye pasi ya kusafiria.

"Kidoti," alisema taratibu. "Mjukuu wangu."

Kidoti alimtazama. Mdomo wa chini ukatoka. Nikamwomba kimoyomoyo, mwanangu, hata kicheko cha uongo. Akageuka, akapanda shingoni mwangu, akaangua kilio.

Binti mmoja aliacha mkono wake begani mwa Mama. Baba alivua kofia.

"Haya," Mama mkwe alisema. "Mtoto haongopi."

"Mama, ana usingizi tu," mume wangu alianza.

"Ana usingizi kila Jumapili? Niachieni." Akaanza kufungua pini, moja moja, akiziweka juu ya meza. "Na kilemba chenyewe hiki, sisikii hata mnachosema." Akakisukuma nyuma, akainyanyua simu kutoka kwenye chupa ya chai, akaiweka alipoizoea. "Mwanangu? Upo? Usimlazimishe mtoto, sawa? Mbembeleze alale."

Kilio kilikatika shingoni mwangu kama redio iliyochomolewa.

Kidoti akainua kichwa. Akageuka. Akalitazama lile sikio, na kile kito chekundu kikicheza.

"Bibi!"

Akateremka mapajani mwangu bila kuuliza, akaishika simu kwa mikono miwili, akalibusu sikio. Kisha akakumbuka biskuti yake, iliyobaki nusu na iliyolowa, akaibandika kwenye kioo. "Bibi, hamu."

"Nani huyo ananiita?" Mama mkwe aliuliza, na kwa furaha akaitoa simu sikioni atazame.

Uso ukajaa kioo. Mdomo wa Kidoti ukaanza kutoka tena.

"Mama, rudisha sikio!" nilipiga kelele. "Samahani Mama, shikamoo Mama, rudisha sikio!"

Akalirudisha. Mdomo ukarudi ndani. "Bibi," Kidoti akasema, ametulia, kama mtu aliyepata mzigo wake stendi.

Nikamweleza mambo ya fundi cherehani. Nikamweleza kwamba mtoto anapolala hushika sikio langu, na kwamba mimi, mwenye akili zangu, nilidhani ni mchezo. Kumbe siku zote alikuwa na bibi yake, anamjua, anampenda, anaimba naye wimbo wa vidole. Tatizo ni yule mwanamke mwingine mwenye uso, aliyekuwa akija kila Jumapili kumfukuza.

Baba mkwe alicheka mpaka tukamwona kwa nyuma akishikilia mashine ya nakala, na mashine nayo ikakohoa. Mama mkwe hakucheka mara moja. Alilibakiza sikio pale pale, hakulisogeza hata kidogo, na chini ya hereni tukaona chozi limepita likielekea kwenye shingo ya gauni la bluu.

"Ameita!" Baba alisema alipopata pumzi. "Wote mashahidi. Ahadi ni deni. Tunabaki!"

"Nilisema akiniita mimi. Kaita sikio. Basi sikio libaki, mimi niende."

"Sikio haliwezi kubaki peke yake. Sheria ya wawili."

"Lina mwenzake upande wa pili."

Wale mabinti ilibidi wakae chini.

Jumatatu kiongozi alipokuja kuchukua jibu, aliukuta mkate umekatwa, umepakwa siagi. Mama mkwe alimwambia watabaki, lakini nusu mwaka; nusu nyingine ni ya Kidoti, na ya mkwe wake anayesoma jioni. Sikuwahi kumwambia juu ya zile mbio zangu. Bila shaka alizisikia. Simu anaiweka panapostahili. Baba alitaka kubishana, ila alikuwa na mkate mdomoni. Na sharti la pili: Jumapili mchana bomba lolote likivuja, livuje.

Tangu hapo tunakwenda kwa hatua. Jumapili ya kwanza ilikuwa sikio lenyewe. Iliyofuata, sikio na kipande cha shavu. Kidoti alilichunguza lile shavu, akaona halina neno, akalipa biskuti. Likaja jicho, moja, limefumbwa kwanza, kisha likafumbuka polepole kama mlango wa mtu mwenye adabu. Walitazamana kwa muda. Kidoti akanigeukia, akalielekezea kidole, akaniambia mimi, kana kwamba ni mimi nisiyejua: "Bibi."

Leo naosha vyombo, ujumbe umeingia.

"Mkwe, hujambo? Nina malalamiko mawili. Kwanza, mama yenu tangu asubuhi anajipaka poda puani. Namuuliza vipi, anasema kesho ni zamu ya pua. Barua za vijana ziko pale hazina hata stempu. Pili, na hili ni zito: mke wangu mdogo naye kaanza. Jumapili nimevaa suti, nimekaa, namwita, kachukua simu kaibandika sikioni. Dakika nzima natazama sikio! Sasa mimi kwenye ndoa hii nina masikio mangapi?"

"Manne! Na yote yanakusikia!"